Kaimu wa Kalunde

Kikao cha mtandaoni cha wahandisi wa maji kilipoanza asubuhi ile, Kalunde alisalimia wenzake, akamtania mkuu wake kuhusu kitambi, kisha akaeleza kwa ufasaha jinsi mnara wa kuvunia mvua utakavyotiwa mabomba mapya. Wenzake wakampigia makofi. Kalunde mwenyewe wakati huo alikuwa nyumbani, ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja jijini Dodoma, amejifunga taulo, anaugonga mlango wake kwa ndani.

Aliyekuwa kikaoni ni Kaimu. Katika Dodoma ya miaka hiyo kila mtu mzima alikuwa na Kaimu wake: kidude kidogo kama punje ya mtama, kilichobandikwa nyuma ya sikio, kikajifunza sauti yako, mizaha yako, hata namna yako ya kuomba radhi, mpaka kikaweza kushika nafasi yako unapochoka. Kaimu alipokea simu, akatoa pole za misiba, akafungua milango. Simu za mkononi watu walikwisha kuzitupa. Na watu huchoka upesi wakipata wa kuwachokea.

Asubuhi hiyo, Kalunde akijisugua shingo bafuni, punje ilibanduka, ikazolewa na maji, ikatumbukia kwenye tundu la sakafu. Kilichopotea kilikuwa punje tu. Akili ya Kaimu ilikaa mbali, kwenye ghala la kampuni iliyomtengeneza, na ilipolikosa sikio iliamua kwamba Kalunde amepumzika, ikaendelea na kazi.

"Mwenye nyumba yuko kikaoni," mlango ulimwambia kwa adabu. "Tafadhali msubiri."

Alibishana na mlango mpaka akajionea aibu. Madirisha ya jengo lile hayakuumbwa kufunguka. Aligonga ukuta wa jirani, Bwana Kisanga, na sauti changamfu ikamjibu kutoka kwenye kipaza sauti, ikamshukuru kwa kubisha hodi, ikamuuliza watoto hawajambo. Kalunde hakuwa na watoto. Alielewa kwamba Bwana Kisanga naye alikuwa na wa kumjibia, na kwamba angeweza kupiga kelele mpaka koo likauke, jengo zima likamjibu kwa upole na asije mtu hata mmoja. Hapo ndipo hofu ilipomshika sawasawa.

Alivaa nguo, akapekua masanduku chini ya kitanda, akaibuka na kitochi chake cha chuo: kisimu cha vitufe, tochi kichwani, kioo kimepasuka pembeni. Alikichomeka kwenye chaji, akakiomba kama mtu anavyomwomba punda mzee apande mlima. Kikawaka. Mtandao wa zamani ulikuwa umeachwa hai kwa ajili ya wazee wa vijijini waliokataa kubandikwa punje. Salio lilikuwa lile ambalo wanafunzi wa zamani walilihifadhi kama mboni ya jicho: salio la kubipu, na sekunde chache za maneno.

Namba ya kampuni ilipigika bila salio. Alipokea mwanamke, tena binadamu, maana alikuwa akitafuna kitu.

"Dada, hapa naona Kalunde yuko kikaoni," alisema. "Wewe ni Kalunde wa ngapi?"

Hata hivyo hakuwa na roho mbaya. Alimweleza kwamba wadai wawili wenye sauti moja huamuliwa na ndugu wa damu. Ndugu huyo akipiga simu na kusema yupi ni wake, Kaimu atazimwa moja kwa moja na mlango utafunguliwa papo hapo. Asiposema, kampuni humwamini aliyeko kazini.

Ndugu wa damu wa Kalunde alikuwa mmoja tu: mama yake, Bi Nyamizi, aliyebaki peke yake Urambo tangu walipomzika baba. Alimpigia kwa pupa, akaanza mara moja kueleza kwamba yuko matatani, anahitaji msaada.

"Mwanangu haanzi na shida," mama akamkatiza. "Mwanangu huanza kwa kuniuliza nimekula nini. Nendeni mkamtapeli mwingine."

Simu ikakatwa. Baada ya msiba wa baba Kalunde alimwagiza Kaimu awe anamjulia mama hali mara mojamoja. Kumbe Kaimu alikuwa akipiga kila jioni. Yeye mwenyewe alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoongea na mama kwa kinywa chake, akashindwa. Moyo ulimuuma kuliko hofu ya mlango.

Salio lililobaki halikutosha neno. Lilitosha kubipu. Enzi za chuo, alipokuwa hana kitu, alikuwa akimbipu mama mara mbili haraka haraka, yaani nimekukumbuka ila mfuko umetoboka, na mama alikuwa akirudisha mbili vilevile. Kaimu alijifunza kila kitu kutokana na maneno ya Kalunde, lakini bipu haina maneno. Ni simu inayopigwa ili isipokelewe. Hakuna aliyemfundisha hilo.

Akabipu mara mbili, akasubiri. Kitochi kikalia, kikakata. Kikalia tena, kikakata. Kalunde akaangua kilio kama mtoto, na kitochi kilipolia mara ya tatu akapokea.

"Kalunde."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una mafua?"

"Ninalia, mama."

"Yule halii," mama alisema taratibu.

Kumbe alijua. Alimweleza mwanawe kwamba alishamtambua yule mwingine siku nyingi, kwa sababu hakuwahi hata mara moja kusema ana haraka. Akamwacha, hata akazoea kumwita mwanangu. Nyumba ilikuwa kimya mno, na yule alikuwa msikivu. Kalunde naye akasimulia habari za punje, mlango na kampuni, na neno moja tu analohitaji kutoka kwake.

"Atazimwa kabisa?" mama aliuliza.

"Kabisa."

"Na wewe utanipigia kila jioni?"

Kalunde alifikiria mnara, mabomba, safari, vikao ambavyo sasa angevihudhuria mwenyewe. Hakutaka kumdanganya mama yake siku kama ile.

"Nitajitahidi, mama."

"Yule hajawahi kuniambia nitajitahidi."

Hakulisema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Kalunde.

"Nitakusemea, mwanangu. Nimekuzaa, nitaachaje? Ila iwe kesho. Jioni hii niachie nimuage. Hatukulelewa kuachana na mtu bila kuagana."

Kalunde alikubali, angefanyaje? Alikunywa maji, akala ugali wa jana, akaketi sakafuni ameegemea mlango. Jua lilipoinama alikuwa amepata jibu lililomkwama mchana: kila jioni, mama, kila jioni, hata kazi ikifa. Hakuwa na salio la kulisema, lakini mama angerudisha. Akabonyeza namba, akaweka kitochi sikioni.

Simu unayopiga inatumika kwa sasa, alijibiwa. Alijaribu tena, na mara nyingine tena, mpaka vitufe vikapata joto la kidole. Huko Urambo mama yake alikuwa akizungumza na Kalunde.