Mkalimani wa Dawati la Tatu

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, darasa la saba lilitiwa giza. Wanafunzi waliziba madirisha kwa maboksi, mwalimu wa Kiingereza akatundika shuka jeupe juu ya ubao na kuwasha projekta. Projekta yenyewe ilinguruma kiasi kwamba waliokaa nyuma waliisikia zaidi kuliko waigizaji. Filamu ikiisha, kila aliyetaka alisimama akaeleza ilivyomgusa, na aliyeshindwa Kiingereza aliruhusiwa kuanza kwa Kiswahili.

"Msinisimulie hadithi," mwalimu alizoea kusema. "Hadithi nimeiona. Niambieni mmehisi nini."

Kwenye dawati la tatu alikaa msichana aliyeitwa Redio. Jina alipewa na mama yake mzazi, aliyedai kuwa mtoto huyu hana kitufe cha kuzimia. Kiingereza alikijua kuliko wenzake wengi, na hakuweza kukaa na jambo bila kulitoa. Filamu ilipoanza, alimtafsiria kwa kunong'ona rafiki yake aliyekaa naye, ambaye darasa zima lilimwita Kimya. Wa mbele na wa nyuma nao wakatega masikio. Hakuna aliyemtuma kufanya kazi hiyo. Ujira wake ulikuwa sifa, na sifa Redio alizipenda kupita kiasi.

Ubaya ni kwamba waigizaji walipoongea harakaharaka, Redio naye aliambulia patupu. Angeweza kusema hajui. Badala yake alitazama nyuso zao, akabuni maneno, akayanong'ona kwa uhakika uleule.

Ijumaa hiyo filamu ilihusu bibi mwenye duka la vitambaa na msichana yatima aliyemsaidia kazi. Karibu na mwisho, bibi alimwita msichana akamweleza jambo kwa sauti ya chini. Msichana akalia. Bibi akampa begi na kumwonyesha mlango.

"Anasema nini?" Kimya aliuliza.

Redio hakuwa amepata hata neno. "Anamfukuza," akanong'ona. "Eti amemwibia."

Taa zilipowashwa, Kimya alinyoosha mkono. Hakuwahi kufanya hivyo tangu mwaka uanze, na mwalimu akafurahi waziwazi.

"Nimemchukia yule bibi," Kimya alisema. "Msichana hakuiba kitu. Imeniuma kwa sababu mama yangu alisingiziwa hivyohivyo. Alikuwa anafua nguo hotelini, shuka zikapotea, wakasema ni yeye. Alirudi nyumbani na begi lake, kama yule msichana. Mpaka leo hapendi tulizungumzie."

"Umeangalia filamu gani wewe?" akadakia mvulana waliyemwita Bingwa. "Bibi anaumwa. Amempeleka msichana shule ya bweni. Wizi umetoka wapi?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu aligonga meza, kicheko kikakatika, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Kimya alikaa, uso umemwiva. Redio akatazama viatu vyake.

Njiani kurudi nyumbani, Kimya alisema, "Mimi na Kiingereza hatuivi chungu kimoja. Nimemwanika mama yangu bure. Lakini si ulisema anafukuzwa, au nilikusikia vibaya?"

"Sijui," Redio akajibu. "Projekta ilikuwa na kelele."

"Basi nitahamia nyuma. Huko sitajitia kusema tena."

Jioni Redio aligusagusa chakula bila neno. Mama yake, muuguzi wa zahanati, alimtazama. "Leo redio imeisha betri?"

Redio akalia, akaeleza yote. Mama hakumkaripia.

"Kazini kwetu huja wagonjwa ambao lugha yao siijui," alisema. "Nikikisia, mtu atameza dawa ya tumbo na kumbe anaumwa sikio. Kwa hiyo nasema sielewi, namtafuta anayeelewa."

"Lakini mama, nikisema, wote wataniona sijui."

"Wakuone. Mwenzako ameonekana hivyo, na kosa halikuwa lake."

Jumatatu Kimya alikuwa tayari dawati la nyuma. Kabla kipindi hakijaanza, Redio alisimama.

"Mwalimu, Kimya hakukosea. Mimi ndiye niliyemwambia bibi anamfukuza msichana kwa wizi. Sikuelewa, nikabuni. Aliponiuliza, nikasingizia projekta."

Bingwa alianza kucheka, akakosa wa kumsindikiza. Mwalimu akaligeukia darasa.

"Semeni kweli," akauliza. "Nani mwingine hakuelewa maneno ya yule bibi?"

Mkono mmoja ukainuka, kisha mwingine, mpaka karibu darasa zima.

"Na wewe, Bingwa?"

Bingwa akajikuna shingo. "Kaka yangu alishanisimulia, Mwalimu."

"Basi na mimi nina kosa," mwalimu alisema. "Niliona vichwa vikitikisika nikadhani mmeelewa."

Akairudia sehemu ile, akiisimamisha kila sentensi na kuifafanua. Kumbe bibi alikuwa mgonjwa, akauza duka ili msichana asome. Hakumwambia mapema kwa kuogopa angekataa kuondoka.

"Kimya, sasa unahisi nini?" mwalimu aliuliza kwa upole.

"Bado sijampenda," akasema. "Alimficha ugonjwa wake. Mtu akikupenda akuambie ukweli, hata kama utalia."

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta," mwalimu alisema. "Wanangu, kutojua si aibu, mnakuja shule kwa sababu hiyo. Lakini anayejifanya anajua humponza yule anayemwamini. Asiyejua aseme sijui, na anayemsikia asimcheke."

Kengele ilipolia, Redio alikwenda dawati la nyuma. "Nisamehe," alisema. "Nilikuona unachekwa, nikanyamaza."

"Hilo ndilo lililoniuma," Kimya akajibu. Akafunga mkoba wake taratibu. "Nitarudi kukaa nawe. Lakini usipojua, niambie hujui. Tutakodoa macho wote wawili."

"Na mama yako? Nataka kwenda kumwomba radhi."

"Nilimwambia mwenyewe kwamba nimelisema darasani. Akasema ni heri jambo lile limesemwa mbele za watu na mtu anayejua kwamba yeye hakuiba."