Mabunda Matano kwa Siku

Darasa la Ikupa lilikuwa na zamu ya asubuhi, hivyo saa saba mchana alikuwa ameshafika nyumbani. Kwa wiki mbili mfululizo alimkuta mama yake sebuleni, kompyuta mezani na fomu zimejaa hadi kwenye kochi. Ofisi ya mama pale Bariadi ilikuwa inaezekwa upya, na wafanyakazi wote walikuwa wamepewa kazi za kufanyia nyumbani. Ikupa alikula haraka haraka, akanawa mikono, akavuta kiti.

Mama yake, Honorata, alikuwa akiingiza kwenye kompyuta majina ya wakulima wa pamba, vijiji vyao na ekari zao, ili msimu ukifika wagawiwe mbegu. Fomu zilifungwa arobaini arobaini kwa mpira. Bunda likiisha, mama aliandika juu yake neno "tayari". Shida ni kwamba mama alitokea Mbeya, na majina ya Kisukuma yalimpiga chenga. Ikupa alizaliwa hapahapa na Kisukuma alikiokota mtaani, kwa hiyo yeye alisoma kwa sauti na mama akachapa, macho kwenye kioo. Asubuhi mama alimaliza mabunda mawili peke yake. Mchana, wakiwa wawili, walimaliza matatu.

Matatu! Siri ya kasi hiyo aliijua Ikupa peke yake. Saa kumi kulikuwa na mazoezi ya netiboli, naye alikuwa mfungaji. Akikutana na fomu yenye mwandiko mbaya, hakuhangaika nayo. Aliifunua pamoja na iliyotangulia, mbili kwa mpigo, akaendelea kusoma kama mtu asiye na kosa. "Fomu moja moja tu," alijiambia. Lakini moja moja hizo zilifika kumi au zaidi katika kila bunda.

Paa likakamilika, watu wakarudi ofisini. Msimamizi wao, Bwana Ngassa, alibandika karatasi ukutani yenye jina la kila mfanyakazi na mabunda aliyomaliza kwa siku. Honorata, aliyekuwa akisifiwa kwa mabunda matano, sasa alimaliza matatu, na siku nyingine hata hayo hayakutimia.

"Ofisi ile ina watu," alimwambia Ikupa wakati wa chakula. "Mkulima akiingia lazima asalimie meza zote, na wewe uitikie mpaka mwisho, umuulize habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua. Ukimkatisha, umemdharau. Lakini hata wasipokuja, matano hayafiki. Sawa, sina wa kunisomea, lakini pengo kubwa hivi silielewi."

"Bwana Ngassa amesemaje?"

"Kasema nyumbani niliweza, hapa napiga soga. Ijumaa isipoonekana tofauti, mkataba wangu hataupendekeza tena."

Ikupa aliinamia sahani. Alijua vizuri mama hakupiga soga, lakini alikusanya vyombo akaenda kuviosha.

Alhamisi, baada ya shule, alipita ofisini kuchukua ufunguo wa nyumba. Mbele ya meza ya mama yake alisimama bibi mmoja wa kijiji cha Ngulyati, viatu vyake vyekundu kwa vumbi.

"Bibi Milembe, nimetafuta mara tatu," mama alikuwa akisema kwa upole. "Kwenye orodha ya kijiji chako jina lako halimo."

"Nilijaza fomu, mwanangu. Nilikuja nayo mwenyewe." Bibi Milembe alitikisa kichwa. "Basi ni mjukuu wangu, Salu. Ndiye aliyeniandikia. Mwenyekiti wa kijiji aliposoma orodha na mimi sikuitwa, nilimgombeza sana, nikamwambia anakwenda shule bure. Tangu juzi hataki kushika kalamu."

Ikupa aliikumbuka fomu ile. Mwandiko ulikuwa wa mtoto, herufi kubwa zinazopanda na kushuka, naye aliiruka bila hata kujaribu.

"Mama," alisema, "Salu hakukosea. Mimi niliiruka."

Bwana Ngassa aliinuka kwenye meza yake ya pembeni.

"Shikamoo," Ikupa alisema, machozi yakimtoka.

"Marahaba. Uliruka nini?"

Akaeleza yote: kusoma kwa sauti, fomu mbili kwa mpigo, netiboli. Mama yake akasimama.

"Bwana Ngassa, kosa la kwanza ni langu. Nilimpa mtoto kazi niliyokabidhiwa mimi, nikaandika 'tayari' bila kuhakiki. Naomba mabunda yangu yote yafunguliwe."

Yakafunguliwa siku hiyohiyo. Gloria, mfanyakazi wa meza ya jirani, alihesabu fomu na Honorata akahesabu majina ya kwenye kompyuta. Fomu ya Bibi Milembe ilikuwa katika bunda la nne. Jumamosi na Jumapili mama alishinda ofisini akiyaingiza majina yaliyorukwa, na jina gumu alimwuliza Gloria, ambaye ni Msukuma wa Maswa. Ikupa hakuruhusiwa kugusa karatasi. Alibaki nyumbani, akapika, akafua, na mazoezi ya netiboli akayakosa.

Jumatatu Bwana Ngassa alimpa Honorata barua ya onyo, lakini mkataba wake aliupendekeza. Kisha akaibandua ile karatasi ukutani.

"Mama Ikupa, hesabu imeonyesha kwamba yale matano ya nyumbani hayakuwa kamili, tena mlikuwa wawili; matatu ya hapa, salamu zote zikiwemo, ni kazi halali," alisema. "Na mimi nilihesabu mabunda, sikuhesabu majina. Sote tulifurahia kasi."

Jioni hiyo mama na Ikupa walikwenda Ngulyati. Salu alikuwa uani akipukuchua mahindi, mvulana wa darasa la tano, mwembamba. Ikupa alimwomba radhi yeye kwanza, ndipo akamwomba bibi yake.

Salu aliweka gunzi chini. "Kwa hiyo niliandika vizuri?"

"Uliandika vibaya," Ikupa alijibu, "lakini jina lilisomeka. Ningejaribu ningelisoma."

Bibi Milembe alicheka, akamvuta mjukuu wake karibu. "Nisamehe, baba. Nilikuonea."

Njiani kurudi, mama alimshika Ikupa mkono.

"Kazi ukiifanyia sebuleni au ofisini, bosi akuone au asikuone, ni ileile," alisema. "Mimi na wewe tulikimbilia kumaliza. Tungemkumbuka mtu mmoja tu anayesubiri kuitwa jina lake, tusingeruka hata fomu moja. Mwanangu, usiseme kazi imekwisha kabla mwenye jina hajaitwa."

"Nimeelewa, mama," Ikupa alisema, na kweli alikuwa ameelewa.