Gati Lililokatazwa Kuyumba

Kila asubuhi sisi wanafunzi wa ng'ambo tulikuwa tukivuka mto kwa mashua na kushukia kwenye matope, viatu mkononi. Dhoruba ya mwaka jana ililisomba gati la zamani. Ukiteleza, uliingia darasani umeshapakwa rangi.

Kwa hiyo gati jipya la umma lilipokaribia kukamilika, niliringa kuliko wote. Mama ndiye mhandisi wake, na Mjomba, kaka yake, ndiye msimamizi wa mafundi. Gati lenyewe linaelea, limeshikwa na nguzo ndefu za chuma zilizovishwa pete. Mto ukijaa, pete hupanda na gati hupanda; mto ukipungua, vyote hushuka.

"Dhoruba huishindi kwa kifua," Mama hupenda kusema. "Unaipisha."

Mama alipokwenda kusimamia gati la pili, linalojengwa chini kidogo ya mto, nilimkuta Mjomba akichomelea pete kwenye nguzo, cheche zikiruka.

"Shikamoo, Mjomba. Mbona unazigandisha?"

"Marahaba, Kasuku." Wananiita hivyo kwa sababu ya mdomo wangu. "Kesho ni uzinduzi. Kwenye majaribio gati liliyumba kidogo tu, wakubwa wakakumbatiana kama wachumba! Wanataka litulie kama sakafu ya sebule."

"Na mto ukijaa, litapandaje?"

"Tutazifungua baada ya sherehe. Na mama yako asijue."

Mgeni rasmi akaja, akapigwa picha, akaondoka. Hakuyumba hata unywele. Sisi tukaanza kushukia hapo, lakini pete zikabaki vilevile. Mawingu meusi yakajikusanya juu ya mto. Kila nikiuliza, jibu ni kesho.

"Kesho yako imekwama foleni, Mjomba?"

Akacheka. Mimi masikio yaliwaka moto. Mtu wa kupita mara moja kajengewa sebule, na mdogo wangu wa darasa la kwanza, anayevuka kila siku, aachiwe mtego! Nilimpenda Mjomba, lakini siku hiyo sikuweza kunyamaza. Nikakimbia hadi kwenye gati la pili, nikamwaga yote.

Mama hakuuliza mara mbili. Alivaa kofia yake ya kazi, akafika, akawaondoa abiria wote.

"Umenichongea, mpwa wangu," Mjomba alinong'ona.

"Bora nikuchongee kwa dada yako kuliko watuokote mtoni."

Mjomba akachukua mashine ya kukatia chuma, akaanza kazi mwenyewe. Pete ya mwisho iliachia mvua ikiwa imeshaanza kutupiga usoni. Upepo ukavuma, mto ukavimba. Gati likalalamika, likayumba, likapanda na maji kama lilivyojengwa kufanya.

Asubuhi tulipolikaribia kwa mashua, lilikuwa palepale, zima. Mama alisimama juu yake, Mjomba kando yake ameinamisha kichwa.

"Mgeni rasmi wa gati la umma ni yule anayelikanyaga kila siku," Mama alisema, sauti yake ikitufikia majini. "Na ukimfichia ndugu yako kosa, hujampenda, umemwacha azame nalo. Kasuku amempenda mjomba wake."

Mashua yetu ilipofunga gatini, Mjomba alininyooshea mkono nishuke.

"Shikamoo, mgeni rasmi."

"Marahaba, mwanangu," nikajibu, nikakanyaga gati nikiwa nimevaa viatu.