Chumvi Inabishiwa Hodi

Baridi ikianza na mto ukipungua, udongo wa kando ya chemchemi yetu ya maji moto huota ganda jeupe. Hiyo ndiyo chumvi yetu. Wanawake huenda kuikwangua. Wanaume hubaki nyumbani.

Asubuhi hiyo N'wa-Mavunda alitangulia, ndoo kichwani. Nyuma yake walikuja binti yake Mijaji na Basani, mke wa mwanawe. Walipofika kwenye mti mkavu walivua viatu, wakapiga magoti na kupiga makofi polepole.

"Hodi, wazee wetu mliotangulia," alisema N'wa-Mavunda. Aliweka ugoro chini ya mti. "Ni sisi. Tunaomba chumvi."

"Mama, tunakuja kila mwaka," Mijaji alinong'ona. "Bado hawatujui tu?"

"Wewe wanakujua sana, kwa huo mdomo. Piga makofi!"

Kisha kazi ikaanza. Walijaza udongo kwenye chujio la fito lililotandikwa magome na majani. Wakamimina maji juu. Maji yaliyodondoka chini yalikuwa na chumvi kali. Waliyachemsha kwenye madebe ya zamani ya rangi mpaka yakakauka.

Chumvi hiyo ndiyo iliyowalisha tangu mgodi ulipomwachisha kazi mume wa Basani. Lakini sasa mwenye duka mjini alikuwa ameirudisha.

"Ina madoa ya kahawia," alisema. "Tena haijapimwa. Mtu akiumwa, nitasema nini?"

Hapo dukani ndipo Basani alipokutana na Bwana Mabasa, mfanyabiashara wa viungo.

"Nipigie video tu, dada yangu," alimwambia. "Chujio, majani, moto, kila kitu. Mengine niachie mimi."

Hivyo asubuhi hiyo ya chemchemini Basani alipiga video. Jioni alikaa jikoni, simu mkononi, tayari kuituma.

"Wifi, hivi unamtumia nani miguu yangu yenye matope?" Mijaji aliuliza. "Mwambie mahari yangu imepanda."

"Nyamaza, wifi. Nataka chumvi yetu iuzwe."

"Na mama umemwambia?"

Hapo sauti ya mwanamke ikasikika uani. Alikuwa Ntsovelo, mtumishi wa kituo cha maarifa ya jadi cha wilaya. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuongea na wanawake wa chumvi. Walimkaribisha ugali na viwavi wa mti wa mopane waliokaangwa. Mijaji hakumsubiri hata anawe mikono. Akamwambia habari ya video.

N'wa-Mavunda aliacha kula. "Basani, mwanangu. Umeuza njia ya mama zangu?"

"Bado sijaituma, mama." Macho yake yalilengwa na machozi. "Watoto watakula nini? Duka limetukataa."

"Usimgombeze, mama," alisema Ntsovelo. "Shida yake ni ya kweli. Lakini Basani, yule bwana akishajua kila kitu, atawahitaji ninyi kwa lipi?"

Basani akaiweka simu chini.

Ntsovelo akaendelea. "Taifa letu lina sera juu ya jambo hili. Inasema maarifa kama yenu ni mali ya jamii yenye maarifa hayo. Serikali inataka yakutane na sayansi, yapimwe, yaboreshwe, yalete riziki. Lakini kwanza yaandikishwe kwa jina lenu. Anayetaka kuyatumia kibiashara aje kwenu aombe. Mkikubali, mnapatana naye mtapata nini. Mkikataa, basi."

"Na siri zetu za pale mtini?" N'wa-Mavunda aliuliza. "Nazo mtaziandika?"

"Mnaandikisha mnachotaka ninyi. Cha wazee wenu kinabaki kwenu."

N'wa-Mavunda akamega tonge tena. "Kumbe serikali nayo imejifunza kubisha hodi," alisema.

Basani akaifuta video.

Wiki iliyofuata, wanawake wote wa chumvi walikutana na kukubaliana. Ntsovelo akapeleka chumvi yao kwenye maabara ya chuo kikuu. Aliporudi na majibu, Mijaji alikuwa wa kwanza kukaa.

"Chujio la majani ni safi kabisa," alisema Ntsovelo. "Mama zenu walijua walichofanya. Ubaya uko kwenye madebe. Yanatoa kutu na mabaki ya rangi. Hayo ni sumu."

N'wa-Mavunda alishika kichwa. "Mama yangu alichemshia kwenye vyungu. Madebe niliyaleta mimi, kwa sababu hayavunjiki."

"Rudini kwenye vyungu. Au tumieni sufuria zisizoshika kutu. Jambo jingine: chumvi hii haina madini joto ya kutosha. Iwe ya kunogesha nyama. Ya kupikia kila siku itumieni ile ya dukani yenye madini joto, hasa wajawazito na watoto."

"Yaani chumvi yangu ina upungufu?" N'wa-Mavunda alifoka.

"Hata mimi nina upungufu, mama, na bado unanipenda," alisema Mijaji. Wote wakacheka, hata mama.

Baridi iliyofuata chumvi ilitoka nyeupe. Ilipimwa tena, ikawa safi. Pakiti zake zilikuwa na jina la wanawake wa chemchemi, na chini yake maneno: haina madini joto ya kutosha. Mwenye duka alizipanga mbele, karibu na mlango.

Siku moja gari la Bwana Mabasa lilisimama nje ya ua. Alishuka akaingia moja kwa moja.

"Ile video yangu iko wapi, dada?"

Basani alikuwa akipepeta chumvi. Hakusimama.

"Rudi mpaka kwenye lango, bwana," alisema kwa upole. "Pale sisi tunapochukua chumvi tunapiga magoti kwanza, na ni kwetu."

Bwana Mabasa alimtazama N'wa-Mavunda. Kisha akamtazama Mijaji, aliyekuwa amejishika kiuno. Akageuka, akarudi mpaka langoni, akavua kofia.

"Hodi," alisema.

"Karibu," Basani akajibu. "Kaa hapo kwenye mkeka. Mijaji, kawaite wanawake wote wa chumvi waje wamsikilize."