Luteni na Mbuzi Wawili

Barabara ya soko ilikuwa imefungwa kwa mawe, na aliyeifunga alikuwa mwanamke. Kavuo Florentine alisimama mbele ya mfereji ulioziba, buti za mpira hadi magotini, kitenge cha rangi ya machungwa juu ya suruali, matope mpaka viwikoni. Nyuma yake wamama wa mtaa walichimba. Pikipiki zilipiga honi, wauza samaki walitukana, na katikati ya makelele hayo jeep ya jeshi ikasimama.

Luteni aliyeteremka alikuwa mrefu, sare yake imepigwa pasi vizuri.

"Mama, mutupishe. Tuko na kazi."

"Na sisi tuko na kazi, mon lieutenant. Maji inaingiaka mu nyumba za batu. Ukitaka kupita, shika jembe."

"Na nikikataa?"

"Utalala hapa. Tutakuletea bugali."

Wamama walicheka. Luteni alitazama mfereji, akavua koti lake na kushika jembe. Alichimba vibaya, kama mtu aliyezaliwa mjini, lakini alichimba mpaka maji yakapita.

"Jina yangu Léon. Natoka Kasai," alisema akipangusa jasho. "Nipe namba yako. Siku ingine nikikuta barabara imefungwa, nijue nani wa kuita."

"Wewe! Uko muongo," Kavuo alisema. Lakini namba aliitoa.

Walianza kupendana, na haukupita muda Léon akapelekwa Beni, ambako watu walikuwa wakiuawa mashambani mwao na askari wakiokota maiti chini ya mibuni. Mapenzi yao yakaishi ndani ya simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula sombe. Na wewe?"

"Mimi nimesikia sauti yako, nimeshiba."

"Eh Léon! Utakonda hivyo."

Kisha walisali pamoja fungu moja la rozari, yeye kwenye handaki, Kavuo kando ya kitanda chake. Hakuna mtu Bulengera, mtaani kwa Kavuo, aliyejua. Wakati ule watu waliwashuku askari kuwaibia, na kupenda mmoja wao pale ilikuwa sawa na kuuza mtaa.

Mbusa, fundi wa nguo, alikatwa panga na majambazi mlangoni kwake mchana. Aliita msaada, na kila nyumba ikafunga mlango kwa hofu. Baada ya mazishi Kavuo alipita nyumba kwa nyumba akigawa filimbi. "Filimbi ikilia, tunatoka bote. Hapana kuuliza," aliwaambia. Majambazi wakaanza kuogopa mtaa ule. Uchaguzi ulipofika, watu walimchagua kuwa conseillère, yaani diwani, wa commune, na wakamwimbia njiani kama bibi harusi.

Halafu watu waliovaa sare walimwua Simone, muuza mafuta. Kwenye kilio Kavuo alishika mikrofoni, machozi yakimtiririka.

"Bale ba uniforme bote ni bamoja! Ni bezi!"

Redio ikayapeleka maneno hayo mpaka Beni. Asubuhi ileile Léon alikuwa amezika askari wake. Akapiga simu.

"Kavuo, na mimi niko mwizi?"

Kavuo alikuwa amezungukwa na vijana wa mtaa. Kitsa, mkubwa wao, alikuwa akimtazama mdomoni.

"Nani anaita? Umekosea namba," alijibu, akakata. Kisha alijifungia chooni na kulia.

Kwaresima yote simu haikulia tena. Kavuo aliamini ameachwa. Aliona anastahili.

Lakini Léon alikuwa amemuuliza mfanyabiashara mmoja wa Beni jinsi Wanande, kabila la Kavuo, wanavyooa. "Kwetu mutu analetaka mbuzi," yule alijibu, akarudi kwa wateja wake. Lingine hakulisema, maana kwetu hata mtoto analijua: bwana harusi haleti mbuzi mwenyewe. Wajomba ndio wanaokuja nao, siku iliyopangwa. Mtu wa peke yake asiyejulikana, mwenye mbuzi, kwetu ana jina moja tu.

Jumamosi mchana Léon aliingia Bulengera, shati jeupe, mbuzi wawili wamefungwa nyuma ya pikipiki ya kukodi.

"Kwa conseillère ni wapi?"

"Izi mbuzi ni za nani?" kijana mmoja aliuliza.

Léon alisitasita. Hakutaka kumtangaza Kavuo kabla ya kuonana naye. Kusita huko kulitosha. Filimbi ikalia.

Kavuo alipofika akikimbia, Kitsa alimpokea, mikono yake ina damu.

"Mama conseillère, tumekamata moja! Mwizi wa mbuzi, tena askari. Tumekuta carte yake ya jeshi. Useme neno moja tu, pneu iko tayari."

Léon alikuwa amepiga magoti barabarani, tairi shingoni, petroli ikimdondoka kwenye nywele. Jicho moja lilikuwa limeziba. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka. Mama mmoja alimpiga mgongoni kwa mchi. Jiwe likampata mdomoni, akatema jino.

"Ulikuwa unatafuta conseillère. Unamujua?" Kitsa alimuuliza.

Léon alimwona Kavuo. Akainamisha kichwa.

"Hapana. Simujue."

Kavuo aliomba Mungu ampe sauti.

"Izi mbuzi ni zangu."

"Zako? Ulinunua?"

"Ni mali yangu. Huyu ni Léon. Amekuya kunioa."

Jiwe lilitoka nyuma ya umati na kumpasua paji la uso. "Umetuuza!" mtu alipiga kelele. Kavuo aliyumba, akaenda mbele, akaondoa lile tairi, akaketi kwenye petroli na kumkumbatia Léon kichwa.

"Mukitaka kumuchoma, muanze na mie."

Kiberiti kilikuwa mkononi mwa Kitsa. Hakuna aliyesogea. Mama Bénite, mjane wa Mbusa, akapenya katikati ya watu na kumwinamia Léon.

"We, bajomba bako wapi? Nani anakuyaka na mbuzi yeye mwenyewe, sawa mwizi?"

"Bako Kasai, mama. Ni mbali. Sikujua."

"Mujinga huyu! Mutamuchoma juu ya ujinga?"

Mtu mmoja alicheka, kicheko kibaya cha hofu, na mikono ikaanza kudondosha mawe. Wengine waliondoka wakitema mate. Walisema hawatamchagua Kavuo tena, na hawakumchagua.

Kwenye dispensaire muuguzi aliwashona wote wawili. Kitsa alisimama mlangoni, ameshika mbuzi kwa kamba, hathubutu kuingia.

"Mama Bénite amesema mbuzi zirudi mpaka kuwe bajomba," alisema, akitazama chini. "Mon lieutenant, kama unakubali, mie nitakuwa mujomba yako."

Léon alimtazama, akaitika kwa kichwa. Kisha akamgeukia Kavuo.

"Na wewe, chérie, unanikubali?"

Kavuo alijibu neno moja. Léon alikunja uso.

"Hii sikio haisikie tena. Zunguka huku."

Kavuo alizunguka kitanda, akainama upande wa pili, na akalisema tena.