Zamu ya Kukata Upepo

Basi lilimshusha Koldo mbele ya kanisa, mikono mitupu, kofia ya baiskeli ikining'inia kwenye mkoba wake. Edurne alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe, baiskeli yake kando, akimenya chungwa.

"Umechelewa, mzee," akamwambia kaka yake.

"Mzee babako."

"Ni wako pia huyo."

Wakacheka. Koldo hakuwa amecheka hivyo tangu majira ya baridi, gari lilipomgonga akavunjika goti la kushoto na baiskeli yake ikabaki chuma chakavu. Kabla ya hapo ndiye aliyekuwa akiwangoja wenzake kileleni, mkate mkononi, akiwazomea. Baada ya hapo kila Jumapili asubuhi alikaa dirishani akijifanya anasoma gazeti, mpaka wenzake wa chama cha baiskeli wamalize kupita barabarani.

Kwa hiyo alipoona tangazo la baiskeli ya chuma ya mashindano, iliyoundwa kwa mkono, rangi ya kijani kibichi, kimo chake hasa na kwa bei ya kutupa, alipiga simu papo hapo. Muuzaji, mwanamke, alitoa sharti moja tu. Atakayeinunua aondoke akiiendesha. Haipandi gari.

"Mbona sharti la ajabu?" Edurne aliuliza.

"Watu wa milimani wana mambo yao. Wewe njoo uniangalizie mnyororo."

Edurne ndiye aliyekuwa mtaalamu. Siku za kazi aliuza dawa katika duka la dawa, lakini Jumamosi zake zote zilikuwa za gereji nyumbani kwao, mikono imejaa grisi, akifungua na kufunga baiskeli za chama kizima.

Nyumba ilikuwa ya mwisho kabisa, pale barabara inapoanza kupanda kwenda kilele cha Otsabide. Mwenyewe, Bibi Graxi, alifungua mlango kabla hawajabisha. Hakusalimu. Alitazama miguu ya Koldo.

"Ni wewe utakayeiendesha?"

"Ni mimi, mama."

"Si huyu?"

"Huyu dada yangu. Kazi yake kunisukuma nikichoka."

Bibi yule hakutabasamu. Akawapeleka bandani.

Baiskeli ilikuwa imeangikwa ukutani kwa ndoana, nzuri ya kukutia wazimu. Edurne aliishusha. Akazungusha gurudumu, lilizunguka bila kuyumba hata unywele. Akapitisha kidole kwenye mnyororo. Mafuta. Mabichi. Akabonyeza tairi. Gumu kama jiwe.

"Nani anaitunza, mama?"

"Hakuna. Ni ya mume wangu, Anton. Mwaka wa pili huu hayupo."

"Pole sana."

"Nimesema hayupo. Sijasema amekufa."

Edurne akainama tena, akaona mwiba umenasa kwenye tairi la nyuma. Mwiba wa vichaka vya kule juu mlimani. Akauchomoa. Ulikuwa bado na utomvu.

Akamvuta Koldo pembeni. "Tairi lisiloguswa haliwezi kushika upepo miezi na miezi. Hili limejazwa leo."

"Basi kalijaza leo. Ulitaka aniuzie pancha?"

"Na mwiba je?"

Koldo hakumsikia. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na uso wake... Edurne hakuwa ameuona uso ule kwa muda mrefu. Akaunyamazia mwiba.

Bibi Graxi alipokea pesa bila kuzitazama. Koldo alipotangulia kutoka langoni, mkono mkavu ukamshika Edurne juu ya kiwiko.

"Wewe kaa nyuma yake," bibi akanong'ona. "Usimpite. Hata iweje, kaa nyuma."

"Kwa nini?"

Bibi akafunga lango.

Walianza kupanda jua likizama, maana nyumbani kwao kulikuwa ng'ambo ya kilele. Mwanzo ilikuwa raha. Koldo aliimba, akawatukana kondoo, akadai kiti kile kimeshonwa kwa ajili ya makalio yake. Kona ya kwanza. Ya pili. Halafu upepo ukageuka, ukawa unashuka kutoka kileleni ukiwapiga usoni, na manyunyu yakaanza.

Nyimbo zikaisha.

Edurne aliona bega la kushoto la kaka yake likianza kuzama kila alipokanyaga pedali. Goti. Alikuwa anaumia, na alikuwa anajua kwamba dada yake anaona.

"Turudi, Koldo. Tutalala hotelini kijijini."

"Nyamaza."

"Goti lako..."

"Nyamaza, Edurne! Nikirudi leo sitapanda tena maisha yangu yote. Hulijui hilo?"

Alilijua. Akaendelea kukanyaga.

Ukungu ukashuka. Taa zao ndogo zikawa haziangazi zaidi ya hatua chache za lami iliyolowa. Hapo ndipo Edurne alipohisi harufu. Dawa ya kuchulia misuli, ile kali ya zamani. Na sufu iliyolowa.

Kisha mtu akawapita.

Hakupiga kengele. Hakuhema. Alipita tu upande wa kushoto, mwendesha baiskeli mwenye fulana ya sufu, mgongo umeinama, akakaa mbele ya Koldo kana kwamba nafasi ile ilikuwa yake siku zote.

"Jioni njema, bwana," Koldo akasema.

Yule hakugeuza kichwa.

Mtu akimganda mwenzake, gurudumu kwa gurudumu, yule wa mbele humkatia upepo na wa nyuma hupata nafuu. Kila mwenye baiskeli anajua. Koldo akaganda. Edurne akamganda Koldo. Na upepo ukakoma. Haukupungua, ulikoma kabisa, kama mlango uliofungwa.

Mlima ukawa mwepesi. Bega la Koldo likanyooka.

"Unaona?" akasema, sauti yake nyororo. "Haliumi. Edurne, haliumi hata kidogo!"

Edurne alikuwa anatazama gurudumu la nyuma la yule mgeni. Barabara ilikuwa inatiririka maji. Tairi la Koldo lilimrushia maji usoni, mdomoni, machoni. Tairi la mgeni halikurusha hata tone. Lilipita juu ya maji na maji hayakujua.

Akafuta macho, akatazama tena. Vile vile.

Tik... tik... tik...

Mlio ule wa gurudumu mtu anapoacha kukanyaga. Ulitoka nyuma yake.

Akageuza shingo. Ukungu mtupu. Akatazama mbele. Tik-tik-tik. Sasa ilikuwa milio miwili. Mitano. Mingi. Na pumzi za watu, zikipumua pamoja, zikimpiga kisogoni. Pumzi baridi.

"Koldo," akanong'ona. "Tusimame."

"Sasa? Umerukwa na akili?"

"Kuna watu nyuma yangu."

"Si vizuri? Tumepata kundi."

Ndipo yule wa mbele akatikisa kiwiko.

Mara moja tu, cha kulia. Katika kundi, anayeongoza akichoka hufanya vile. Maana yake ni zamu yako. Njoo mbele, ukate upepo.

"Usiende!"

"Ni adabu, Edurne. Katuvuta mlima mzima."

"Koldo, nakuomba. Kwa jina la mama, usiende mbele!"

Koldo alisimama juu ya pedali, mwepesi kama kijana, akacheka, akampita mgeni. Hakugeuka nyuma. Taa yake nyekundu ikazama ukunguni kama kaa la moto lililotiwa majini.

Mgeni akaacha kukanyaga. Akarudi nyuma taratibu mpaka akawa sambamba na Edurne, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza Edurne akamwona uso. Mwanamume wa miaka sitini hivi, ndevu zimeota ovyo, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alikuwa analia.

"Nisamehe, bibie," akasema.

Edurne alibana breki zote mbili. Gurudumu likateleza, akaruka, akaangukia vichakani. Na akiwa pale chini, uso matopeni, akawasikia wakipita. Hakuona mtu. Alisikia minyororo, matairi, pumzi, harufu ile ya dawa na sufu. Walipita, wakapita, wakapita...

Kisha mvua tu.

Alifika kileleni akisukuma baiskeli, akiita jina la kaka yake mpaka sauti ikapasuka. Kwenye ukuta wa zizi la kondoo, baiskeli ya kijani ilikuwa imeegemezwa vizuri, usukani umegeuzwa kidogo, kama mtu anavyoiweka akiingia ndani kunywa kahawa. Edurne akaishika.

Mvua ilikuwa inanyesha. Baiskeli ilikuwa kavu.

Waokoaji walitafuta siku nyingi. Mbwa walifika ukutani pale wakakaa chini, wakakataa kusonga. Polisi waliandika kwamba huenda aliteleza korongoni, wakawarudishia baiskeli, na mama yao, Joakina, akaomba iwekwe gerejini ili mwanawe akirudi aikute. Edurne aliitundika. Hakuigusa tena. Lakini kila alipopita aliona mnyororo unang'aa kwa mafuta mabichi.

Siku ukungu ulipoinuka kidogo, alichukua gari akaenda kwa Bibi Graxi.

Safari hii bibi alimkaribisha. Alikuwa amechana nywele, amevaa kitambaa cha maua, na machoni mwake mlikuwa na furaha iliyojificha kwa aibu.

"Nilikwambia ukae nyuma," akasema haraka. "Nilikuonea huruma. Wewe hukuwa na kosa."

"Na kaka yangu alikuwa na kosa gani?"

Jikoni mtu alikohoa.

Edurne akaingia jikoni. Mwanamume alikuwa amekaa karibu na jiko, blanketi limemfunika kuanzia kiunoni. Amenyolewa ndevu, amevishwa shati safi. Ni yeye. Edurne aliyajua macho yale.

"Bwana Anton," akasema, na akashangaa kwamba sauti yake imetoka. "Yuko wapi Koldo?"

Mzee yule alitazama moto. "Yuko mbele."

"Mbele wapi?"

"Wale wa nyuma... waliofia kwenye barabara ile, wa zamani na wa juzi. Hawana kifua cha kukata upepo. Wanataka mtu hai, mwenye pumzi, awatangulie." Akameza mate. "Mimi nilidhani ni kundi la kawaida. Nikaenda mbele. Na ukishakuwa mbele, huchoki, hulali, husimami. Mpaka mtu aje kwa baiskeli yako ile ile, umpe zamu."

"Tulikuwa tunapendana miaka arobaini," Bibi Graxi akasema kutoka mlangoni. "Ungefanyaje wewe?"

Edurne alitaka kumpiga. Alitaka kupiga mayowe. Lakini jicho lake lilikuwa limenaswa na blanketi. Lilikuwa linatikisika. Chini yake, kulia, kushoto, kulia, kushoto, miguu ya mzee ilikuwa inakanyaga. Pole pole. Bila kukoma.

"Haiachi," Anton akanong'ona. "Hata nikilala."

Edurne alirudi nyumbani akamweleza mama yake kila kitu, mpaka miguu ile. Hakutarajia kuaminiwa. Mama Joakina aliendelea kuchambua maharage, uso umetulia, na alipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Anaongea? Huyo mzee. Anaongea vizuri, anamjua mkewe?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu."

Ijumaa iliyofuata Edurne alitoka dukani mapema kidogo, maana ukungu ulikuwa umeanza kushuka na barabara zilikuwa zinateleza. Gereji ilikuwa wazi. Ndoana ilikuwa tupu.

Mama yake alikuwa jikoni, anakoroga supu.

"Mama. Baiskeli iko wapi?"

"Nimeiuza."

"Kwa nani?"

"Kijana mmoja, mwenye adabu. Anafundisha muziki, anakaa ng'ambo ya pili ya mlima. Ana mtoto mchanga." Akaonja supu, akaongeza chumvi. "Alinionyesha picha."

"Ameondoka vipi?"

"Akiiendesha. Nilimwambia haipandi gari."

Edurne alishanyakua funguo za gari kutoka mezani. "Muda gani umepita? Hajafika mbali. Nikienda sasa namkuta kabla ya kona ya pili."

"Najua."

"Mama, nilikwambia watu wanarudi vipi. Nilikwambia miguu ile!"

"Uliniambia." Mama Joakina alifunika sufuria, akafuta mikono kwenye aproni, akageuka. Alikuwa amezeeka miaka kumi katika wiki chache. "Nitamfunika blanketi."

Nje ya dirisha, mlima ulikuwa umekwisha kutoweka wote, na ukungu ulikuwa unamwagika juu ya mapaa ya kijiji.

"Sikuzuii, mwanangu," mama yake akasema kwa upole. "Mlango huo hapo. Nenda."

Edurne alisimama pale jikoni, funguo zikimchoma kiganjani. Alimfikiria yule kijana na picha yake. Alimfikiria Koldo. Aliendelea kusimama mpaka taa za barabarani zikawaka.

Kisha akavua koti.