Shati la Arobaini

Jumatatu asubuhi mashati thelathini na tisa yalikuwa makavu, yametundikwa kwa mstari katika karakana ya ushonaji, na la arobaini lilikuwa limelowa, linachuruzika. Maji yake yalinuka tope la bandarini, lile la chini ya gati. Mkataji alilikamua kwenye ndoo na kulaumu paa kwamba linavuja, ingawa mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu. Mtu akitaka kujidanganya hakosi cha kusingizia.

Mwanamke huyo, mbali na kukata vitambaa, alikuwa katibu wa kamati ya sherehe. Fundi Mkuu alikuwa anaaga kazi baada ya miaka thelathini na moja, na wafanyakazi wake walipanga kumshtukiza: Jumamosi mchana wampandishe boti ya matembezi, wazunguke bandari wakila na kucheza, wote wamevaa mashati ya bluu ya mtindo mmoja. Tatizo lilikuwa hili: wenye boti hawachukui kundi lililo chini ya watu arobaini. Karakana nzima, pamoja na waume, wake na mama mkwe mmoja aliyejialika, ilifikisha thelathini na tisa.

"Si uandike yeyote tu," alikuwa amesema Mpiga Pasi, mcheshi wa pale, wiki moja kabla ya mashati kushonwa. "Andika shemeji yangu."

"Una shemeji gani wewe? Huna mke, huna dada."

"Ndiyo raha yake. Shemeji wa hivyo hagombani na mtu."

Walicheka, na Mkataji akaandika kwenye orodha: Shemeji wa Mpiga Pasi. Kama uongo ungeishia kwenye karatasi, ungesameheka. Lakini mashati yalikatwa kwa kufuata orodha ileile, na katika daftari la vipimo kila mtu lazima awe na namba zake. Miaka yote hiyo Fundi Mkuu hakuwahi kuruhusu kipimo kiandikwe bila futi kuzungushwa kwenye mwili wa mtu. Angeulizwa angekataza, ila yeye ndiye aliyekuwa anafichwa; mashati yale aliambiwa ni oda ya mteja. Basi Mkataji akajitungia: kifua inchi hamsini, shingo kumi na tisa, mkono thelathini na nane. Akakata. Mdogo wake wa kike, mshonaji hodari kuliko wote pale, akalishona siku hiyohiyo huku akisema kwamba huyu shemeji akikukumbatia utakoma. Huyo mdogo ndiye ndugu pekee aliyekuwa amembakia Mkataji duniani. Alimlea tangu hajang'oa jino la kwanza, na alimpenda kuliko macho yake mwenyewe.

Jumanne, Mpiga Pasi alilitandaza shati hilo mezani. "Haya shemeji, nyoosha mkono," alilitania.

Mkono wa shati ukanyooka. Ukajaa, ukapata kiwiko, ukamdaka kifundo cha mkono na kukilaza kiganja chake mezani, na pasi ya mvuke, ambayo hakuna aliyeigusa, ikashuka juu ya kiganja kile ikakaa, ikazidi kukaa, huku yeye akipiga mayowe na wenzake wanne wakiivuta isibanduke, mpaka harufu ya nyama iliyoungua ikaizidi ile ya tope. Alipoachiwa, ngozi ilibaki kwenye pasi.

"Kaniita shemeji," alinong'ona, meno yakigongana. "Mmemsikia? Kaniuliza boti inaondoka saa ngapi."

Mkataji alipandwa na hasira kabla ya hofu kumfikia. Alinyakua mkasi mkubwa akalikata lile shati begani. Nyuma yake mdogo wake alipiga ukelele. Bega lake lilikuwa limefunguka palepale, toka shingoni hadi kwapani, na damu ilikuwa inarukia cherehani.

"Usikate tena, dada," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba. Usikate."

Hospitali walimshona, na mpaka usiku nyuzi zote zilikuwa zimeachia. Walimshona tena, zikaachia tena.

Jumatano wakamrudisha karakanani, wakamleta na mganga, mama mfupi mwenye miwani na ulimi mkali. Fundi Mkuu, aliyekuwa ameambiwa ni ajali za kazini tu, walimtuma mjini kutafuta vifungo, wakafunga mlango. Mganga alilizunguka shati mara tatu bila kuligusa.

"Jini aliyevamia anafukuzwa," alisema polepole. "Huyu hakuvamia. Mmemwandika, mmempima, mmemshonea. Likichanika, aliyelishona anachanika."

"Tukilichoma je, mama?" aliuliza Mkataji.

"Utakuwa umemchoma mdogo wako. Kaeni kimya nijaribu kumbembeleza."

Alipoanza kusoma dua zake, mikono miwili ya shati ilimzunguka shingo. Ilimnyanyua mpaka viatu vikamvuka, ikamgonga kichwa kwenye boriti, ikamshusha, ikaukamata mkono wake wa kulia na kuuvunja kwenye kiwiko, kisha, taratibu, kama mtu asiye na haraka yoyote, ikauvunja tena chini ya kiwiko.

Kelele zile zilimkuta Fundi Mkuu mlangoni, mfuko wa vifungo mkononi. Aliufungua kwa ufunguo wake, akamtazama mganga sakafuni. Akalifungua daftari, akashuka na kidole mpaka mstari wa arobaini.

"Vipimo hivi ni vya nani?"

"Si vya mtu, Fundi," alisema Mkataji. "Nilivitunga. Tulitaka kukufanyia sherehe."

Mzee hakugomba, na hilo lilimuumiza Mkataji kuliko matusi. "Nguo isiyo na mwenyewe ni nyumba tupu," alisema. "Mpangaji hakosekani. Sasa livae."

"Mimi?"

"Aliyepima ndiye atakayevaa. Nitalipunguza juu ya mwili wako mpaka isibaki nafasi ya mtu wa pili. Na tukishindwa, mwanangu, yule mdogo wako hafiki kesho."

Mkataji alimtazama mdogo wake, aliyelala juu ya marobota ya vitambaa akiwa hana rangi usoni. Akaliingia shati. Kulikuwa na kifua kingine humo ndani, chenye baridi, kikamlalia mgongoni. Wanaume wanne walimshika, na Fundi akaanza na bega lililokatwa, akashuka ubavuni, anavuta na kubana na kushona, sindano ikipita kwenye kitambaa na mara nyingine kwenye ngozi, na yule wa ndani, kadiri nafasi ilivyompungukia, alipiga ngumi na kuuma na kusukuma, akamvunja Mkataji ubavu mmoja, akavunja wa pili, akamng'ata Fundi kidole kupitia kitambaa mpaka mfupa ukaonekana, na Fundi akaendelea kushona kwa vidole vilivyobaki, anasema, "Toa pumzi, mwanangu, toa yote," naye akaitoa, na mzee akaubana mshono wa mwisho. Kitu kikapenya kati ya shingo na kola, kirefu, kimelowa, kinalia. Vioo vyote vya madirisha vikapasuka.

Damu ya mdogo wake ikakatika saa ileile.

"Usilivue," alisema Fundi, akikata uzi kwa meno. "Na usikonde."

Walitaka kuifuta safari. Mganga aliwatumia neno kutoka kitandani: aliyealikwa akinyimwa karamu, huifuata nyumbani kwa mwenyeji. Kwa hiyo Jumamosi saa nane mchana walikuwa gatini, wamevaa bluu, wengine na bandeji. Nahodha alisoma orodha kwa sauti. Alipofika kwa Shemeji wa Mpiga Pasi, aliinua macho kutoka karatasini.

"Yupo au hayupo? Chini ya arobaini siondoi boti."

"Yupo," alisema Mkataji. Alijuta kabla hajafunga mdomo.

Muziki ulipigwa. Watu walicheza kama walioshikiwa fimbo. Mkataji hakucheza, alikaa mezani akila wali na kuku, sahani ya pili, ya tatu, na kila tonge lilimchoma kwenye mbavu zilizovunjika. Mdogo wake alikaa kando yake, anampakulia kwa mkono mmoja.

Boti ilipotoka nje ya ukuta wa bandari, mawimbi yaliinyanyua na kuitupa. Mkataji alijikaza. Kisha akakimbilia ukingoni akatapika vyote, mara tatu, mpaka tumbo likashikana na mgongo.

Aliporudi kukaa alihisi upepo ubavuni. Aliingiza kidole kati ya shati na ngozi. Kiliingia bila shida, na huko ndani kikapokelewa na kidole kingine.

Kule mbele Fundi Mkuu alikuwa ameshika maikrofoni. "Wanangu, kazi hii imenilea," alisema, "na leo mmeni..." Akajishika ubavu. Uzi mmoja ulikatika kwenye shati la Mkataji, ukafuata wa pili, na wa tatu, nyuzi zote alizoshona mzee kulipunguza, na kwa kila uzi shati la Fundi liliongeza doa la damu, mpaka alipoanguka kifudifudi juu ya keki yake, mbavu ziko wazi, maikrofoni inakoroma chini yake. Wafanyakazi walikanyagana kwenye ngazi. Mmoja aliruka majini.

Mkataji hakuinuka. Nyuzi za Fundi zilikuwa zimekwisha, na chini yake uliokuwa umebaki ni mshono wa mdogo wake. Yule wa ndani alivuta pumzi ndefu, akajinyoosha.

"Kula, dada," alisema mdogo wake. Uso wake ulikuwa mweupe, lakini aliijaza sahani na kuileta karibu. "Kula, umbane. Usinitazame mimi."

Alikula huku analia, bila kutafuna. Akila, mshono ulivutika. Akiacha, yule wa ndani alipanuka, ukavutika vilevile. Mdogo wake aliendelea kumlisha, kijiko juu ya kijiko, na mkono wake mwingine aliubana ubavuni, ambako bluu ya shati lake ilikuwa imeanza kuwa nyeusi kwa damu.